Mtoto wa mbwa anatafuna kila kitu: nimpe shughuli gani?

"Daktari, tunaishi Mbezi, Dar es Salaam, nyumba yenye ua na geti. Tuna mtoto wa mbwa dume wa miezi minne na nusu, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, tunamwita Simba. Alikuja kwetu akiwa na wiki tano. Ametafuna ndala zote za nyumbani, kiatu cha shule cha mwanangu na chaja ya simu. Anavuta kanga kwenye kamba, anafukua bustani ya mchicha, na ikifika jioni anawauma watoto visigino mpaka wanalia. Mimi na baba watoto tunatoka saa 11 alfajiri, watoto wanaenda shule, anabaki na dada wa kazi. Akimkuta na kiatu humchapa na ufagio. Nilimnunulia mpira, siku mbili tu ameuchana. Mume wangu anasema afungwe mnyororo mchana kutwa, afunguliwe usiku ili awe mkali. Jirani anasema nimpe pilipili. Nimpe shughuli gani aache utundu?"

Pole dada, na hongera kwa kuuliza kabla mnyororo haujanunuliwa. Unachotaka kujua ni namna ya kumshughulisha Simba asiharibu vitu. Nitakujibu hilo, lakini nianze na jambo ambalo huenda hukulitegemea: kwa maelezo yako, Simba anahitaji shughuli chache zilizopangwa vizuri, halafu anahitaji usingizi mwingi zaidi ya anaoupata sasa. Watu wengi wenye mbwa wakiona fujo huongeza michezo, mbio na mipira, na mbwa anazidi kupagawa.

Tuanze na mdomo, maana ndiko hasara ilikotokea. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, mbwa mkubwa ana 42. Mabadiliko huanza kama miezi mitatu na nusu hadi minne, meno madogo ya mbele yakitangulia. Yale marefu manne na magego hufuata kwenye mwezi wa tano na wa sita, na kufikia miezi saba kazi inakuwa imekwisha. Simba yuko katikati kabisa ya zoezi hilo. Jioni akiwa ametulia, inua mdomo wake wa juu taratibu kwa kidole. Utaona fizi zimevimba kidogo na nyekundu, pengine pengo moja mbele, pengine ncha nyeupe ya jino jipya inachomoza. Ukikuta tone la damu kwenye kitu alichotafuna, usishtuke. Fizi zinawasha na kuuma, na kuguguna kunampa nafuu. Kumkataza kutafuna katika umri huu ni kumkataza jambo ambalo mwili wake unamsukuma kulifanya. Unachoweza ni kumchagulia atafune nini.

Kwa nini ndala na kiatu cha shule? Kwa sababu vina harufu ya jasho lenu, ni laini kiasi cha kubonyea, na viko sakafuni. Kosa ninaloliona sana ni kumpa mbwa kiatu chakavu "awe nacho chake". Mbwa hajui chakavu na kipya. Ukimpa kiatu kimoja, umemwambia kuwa viatu ni vya kutafuna. Basi kazi ya kwanza ni ya wenye nyumba: viatu viwekwe juu ya rafu au viingie ndani ya sanduku lenye kifuniko, chaja zichomolewe na kuinuliwa, kamba ya nguo ipandishwe mpaka pindo la kanga lisipepee usawa wa pua yake. Kitambaa kinachopepea kwa upepo kwake ni kitu kinachokimbia, na kinachokimbia hufukuzwa. Mbwa asiyepata nafasi ya kukosea hajizoezi kukosea, na tabia ya mbwa hukomaa kwa mazoezi.

Sasa atafune nini? Huna haja ya kumaliza mshahara dukani. Chukua taulo kuukuu, lilowanishe, lifunge fundo nene katikati, liweke kwenye friza, mpe likiwa limeganda. Karoti nzima iliyokaa kwenye baridi nayo inafaa sana. Unaweza pia kusonga ugali laini, ukachanganya na dagaa wa kukausha waliooshwa chumvi, ukaushindilia kwenye kikopo kipana cha plastiki ngumu na kugandisha. Kabla ya kumpa, acha uyeyuke kidogo. Atalamba na kuchokonoa kwa dakika 20 au zaidi, na kulamba kwenyewe humtuliza. Vitu vya mpira mzito vyenye tundu katikati, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, vina thamani ya bei yake kama mkiweza kununua kimoja, kwa sababu hudumu na hujazwa tena kila siku. Mpira wa kawaida wa watoto hauna maisha kwenye meno yale, na vipande vyake vikimezwa ni hatari.

Kipimo changu cha kitu cha kutafuna ni ukucha wa dole gumba. Ukibonyeza na ukucha usiache alama hata kidogo, kitu hicho ni kigumu mno na kinaweza kupasua jino. Kwato na mifupa mikubwa ya ng'ombe huanguka hapo. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, una tatizo lingine: hupasuka vipande vyenye ncha. Na kuna vitu viwili vya majikoni kwetu ambavyo watu huviona havina madhara, kumbe vinawapeleka mbwa wengi kwenye upasuaji: gunzi la mahindi na kokwa la embe. Havisagiki tumboni, huteremka mpaka kwenye utumbo mwembamba na kuuziba. Msimu wa embe, ndoo ya taka iwe na kifuniko kizito. Kamba ya katani au nyuzi za gunia atafune tu mtu akiwa anamwangalia, maana uzi mrefu ukinasa upande mmoja hukunja utumbo kama mshipi wa suruali ya lastiki na unaweza kuukata.

Kilichobaki ni pua, na hapa ndipo penye shughuli ya kweli. Mbwa anachoka kwa kunusa kuliko anavyochoka kwa kukimbia, na kunusa humwacha ametulia badala ya kumwacha akihema na kutafuta vurugu nyingine. Acha kumwekea chakula chote kwenye bakuli akakimaliza kwa dakika moja. Nusu ya chakula cha asubuhi kitawanywe: ugali ufinyangwe vidonge vidogo, utupwe huku na huko kwenye nyasi, naye avisake kimoja kimoja. Siku nyingine vifichwe ndani ya boksi la karatasi lililojaa magazeti yaliyofinyangwa, pini na gundi zikiwa zimetolewa. Atalichana boksi, na kulichana ndiyo raha yenyewe. Dada wa kazi atafagia baadaye, lakini mbwa aliyechana boksi ana sababu ndogo ya kuchana kanga.

Kuhusu bustani, nina maswali mawili. Je, mlitia samadi ya kuku kwenye matuta? Na je, anafukua zaidi saa za joto? Mara nyingi majibu yote ni ndiyo. Samadi inamwita kwa harufu, na udongo uliomwagiliwa ndio mahali pa baridi kuliko pote kwenye ua wa Dar es Salaam saa 8 mchana. Anafukua shimo alalie tumbo. Zungushia mchicha wavu au matete, kisha mpe shimo lake kivulini, lenye mchanga uliolowanishwa, ufukie humo dagaa wawili watatu kila siku mpaka ajue kwamba pale ndipo pa bahati. Kumfukuza bustanini bila kumpa pa kufukua hakujawahi kufanikiwa, nijuavyo mimi.

Sasa visigino vya watoto. Angalia saa yake: unasema jioni. Mtoto wa mbwa wa umri huu anahitaji kulala karibu saa 18 katika saa 24, na wengi hawazipati kwa sababu mchana kuna fundi, kuna geti linalogongwa, kuna redio, na mtu anampigia mluzi kila anapolala. Ikifika magharibi watoto wamerudi, wanakimbia na kupiga kelele, naye amechoka lakini hajui kujilaza. Anakuwa kama mtoto mchanga aliyepitwa na saa yake ya kulala, analia na kurusha miguu. Kumchosha zaidi wakati huo ni kumwaga mafuta kwenye moto. Saa 11 jioni, kabla vurumai haijaanza, apelekwe haja, apewe ule ugali wake wa friza, awekwe pembeni pasipo na watu, alale. Anaweza kuamka saa 1 usiku akiwa mbwa mwingine.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kusikitisha kidogo. Alikuja kwenu akiwa na wiki tano. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama na ndugu zake hadi wiki ya nane, kwa sababu katika wiki hizo hujifunza nguvu ya meno: akimuuma ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo husimama. Simba hakulipata somo hilo, kwa hiyo mtamfundisha nyinyi, na itachukua wiki kadhaa badala ya siku. Meno yakigusa ngozi, mchezo usimame. Mtoto asikimbie wala asipige yowe, maana kwa Simba hiyo ni shangwe. Asimame wima, mikono kifuani, macho pembeni. Akiendelea, mtu mzima amwondoe mtoto, afunge mlango kwa nusu dakika, kisha arudi kimya na kumpa Simba kitu cha kutafuna. Wote mfanye hivyohivyo. Mmoja wenu akiendelea kucheza naye kwa vidole, somo linavunjika. Na mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata mbwa akiwa mpole namna gani.

Nije kwenye ufagio. Simlaumu dada wa kazi. Anaachiwa nyumba, mtoto wa mbwa na lawama ya kiatu kilichotafunwa. Lakini kumchapa hakusaidii, na nitaeleza kwa nini. Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea papo hapo. Kiatu kilitafunwa saa 4, kipigo kikaja saa 5. Anachojifunza ni kwamba mtu huyu akija na ufagio, hatari. Utaniambia, "Lakini anajua amekosa, anainamisha kichwa na kuficha mkia." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alichapisha utafiti juu ya sura hiyo hiyo. Wenye mbwa waliambiwa mbwa wao amekula kitu alichokatazwa, wakati mwingine kweli na wakati mwingine si kweli. Ile sura ya "nimekosa" ilijitokeza pale mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Mbwa anasoma uso wako na sauti yako, anaomba amani.

Tena kipigo kina athari mbaya kuliko hasara ya ndala. Mbwa anayefukuzwa kila akishika kitu hujifunza kukimbia nacho, kujificha chini ya gari, na mwisho kukimeza haraka kabla hajanyang'anywa. Badala yake, fanya biashara naye. Dada awe na kikopo cha dagaa mfukoni mwa aproni. Simba akishika soksi, asimkimbilie. Asogeze dagaa mpaka kwenye pua, asubiri. Taya zitaachia zenyewe, soksi itaanguka. Pale pale taya zinapoachia aseme "acha" kwa sauti ya kawaida, ampe dagaa, achukue soksi bila papara. Baada ya kurudia siku nyingi, neno hilo litatosha peke yake, na litakusaidia siku atakapookota kitu cha sumu barabarani. Ndiyo maana nakuomba uzungumze na dada kwa heshima na umweleze haya yote: saa nyingi za siku, mwalimu wa Simba ni yeye. Mkihesabu kazi hii ndani ya kazi zake, mmpunguzie nyingine.

Pilipili haina lolote. Inaunguza mdomo na tumbo, inaleta kuhara, na haiongezi ulinzi hata chembe. Mnyororo wa mchana kutwa unafanana nayo. Ni kweli mbwa wa mnyororo hubweka sana na kuonekana mkali, lakini ukali huo ni wa woga na wa kuzuiwa, nao hauchagui. Mwizi, mgeni na mtoto wa jirani aliyekuja kuokota mpira wote ni wamoja kwake. Mbwa wa aina ya Simba hukomaa kiakili akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na atakapoujua ua wake na watu wake, atabweka mtu asiyemfahamu akisogea getini bila kufundishwa. Anachohitaji sasa ni kuzoea dunia: bodaboda, miavuli, watu wa kila namna. Mlango mpana wa kuzoea ulikuwa kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi, umeshapita, ila haujafungwa kabisa. Mtembezeni kwa kamba asubuhi na mapema au jua likizama, mwendo wa kunusanusa, si wa mbio. Mifupa ya mbwa mkubwa hukua mpaka karibu mwaka na nusu, na kukimbizwa barabarani umbali mrefu si kwa ajili yake bado. Mfundisheni pia kuketi ndipo aguswe, asirukie watu. Tunaishi na majirani wa dini mbalimbali, na mtu aliyekwisha kutia udhu hapendi kuguswa na mdomo wa mbwa. Hiyo ni haki yake.

Namwelewa mume wako kuhusu kumzuia. Kuna saa ambazo Simba lazima awe sehemu moja, na banda linafaa kuliko mnyororo, lakini banda nalo hufundishwa. Chakula chake kiliwe humo mlango ukiwa wazi, kwa siku kadhaa. Kisha mlango ufungwe dakika chache akiwa anatafuna, ufunguliwe kabla hajaanza kulia. Ongeza muda polepole. Saa mbili tatu za usingizi asubuhi na nyingine mchana baada ya kuchezea boksi zinatosha, asishinde humo. Banda la bati kwenye jua la Dar ni tanuri na linaweza kumuua kwa joto, kwa hiyo liwe chini ya mti, lenye upepo na maji. Na watakaokushauri umtafutie mwenzake wa kucheza naye sasa hivi, usiwasikilize. Watoto wawili wa mbwa hufundishana utundu. Subiri huyu atulie.

Nikuambie na hili kwa ukweli: haya yote yanahitaji mtu mzima mwenye saa moja na nusu hivi kwa siku, zikigawanywa vipande vidogo. Kama nyumbani kwenu hakuna mtu huyo kwa miezi mitatu ijayo, kumpa Simba familia yenye nafasi ni uamuzi wa heshima, na ni afadhali sasa akiwa mdogo kuliko akiwa na mwaka na ameshauma.

Kabla ya yote hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kama hajaenda karibuni. Minyoo humfanya mbwa ale udongo na kukosa utulivu, na ya mbwa huambukiza watoto wanaocheza mchangani. Katika umri wake anywe dawa kila mwezi mpaka miezi sita. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, zinatakiwa ziwe zimefika hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu. Kama hazijakamilika, matembezi yasubiri, kwa sababu kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Daktari amwangalie pia meno: jino jipya refu likiota huku la utoto bado limesimama pembeni yake, huenda likahitaji kung'olewa. Pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya kata au kliniki binafsi ya wanyama. Kwa mambo makubwa kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Usisubiri kesho akitapika zaidi ya mara moja na kukataa chakula, tumbo likiwa gumu au asipopata choo baada ya kumeza kitu, akihara damu, au akila sumu ya panya, dawa ya wadudu, vidonge vya paracetamol, au mchuzi wenye vitunguu vingi, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula ukidhani yataua sumu. Hayafanyi hivyo, na mengine huharakisha sumu kuingia mwilini au yakampalia. Chukua pakiti ya sumu, nenda.

Tafuta pia msaada wa ana kwa ana Simba akianza kukakamaa na kunguruma mtu akikaribia bakuli lake, au akiuma kwa kukusudia nje ya mchezo. Hiyo si kazi ya maelezo ya maandishi, na mkufunzi atakayekuja na fimbo au mnyororo wa miiba mrudishe getini. Na jino likichana ngozi ya mtoto, hata mkwaruzo mdogo, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, aelezwe daktari kama Simba amechanjwa na lini. Kadi yake ya chanjo ikae mahali ambapo dada wa kazi anaweza kuifikia mkiwa hampo.